Ufikivu wa Tovuti Unaanzia Maabara ya Kwanza

Katika mtaala niliokabidhiwa nilipoanza kufundisha somo la utengenezaji wa tovuti katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, ufikivu, yaani kuhakikisha kwamba tovuti inatumika na wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wasioweza kushika kipanya na wengine wa namna hiyo, ulikuwa umepangiwa wiki ya mwisho ya muhula, ukigawana mhadhara mmoja na hakimiliki na maadili ya taaluma. Aliyepita chuo anajua wiki ya mwisho ilivyo. Kazi za vikundi zinakusanywa usiku wa manane, UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inanukia, na swali pekee analoulizwa mhadhiri ni kama mada hiyo itatoka kwenye mtihani. Mada ikishawekwa hapo, wanafunzi wanaelewa bila kuambiwa kwamba ni ile inayoweza kuachwa.

Nimelifundisha somo hilo kwa miaka kadhaa sasa, darasani wakiwamo wanafunzi wa sayansi ya kompyuta pamoja na wale wa usanifu wa michoro na midia, na uzoefu umenithibitishia kwamba ufikivu haushiki ukifundishwa kama mada inayojitegemea. Unashika unapofundishwa kama sehemu ya usahihi wa kazi, kwa namna ileile tunayomzuia mwanafunzi kuwasilisha programu inayokwama kila mtumiaji anapoingiza herufi mahali pa tarakimu. Hakuna mwalimu wa programu anayesubiri wiki ya kumi na nne ndipo aseme kwamba programu haitakiwi kukwama. Anasema siku ya kwanza, na anakata alama.

Kwa hiyo mimi huanza maabara ya kwanza kabisa, siku wanafunzi wanapoandika ukurasa wao wa kwanza wa HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti. Wengi hutumia Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, na wengi wameshajifunza YouTube kwamba ukiandika alama ya mshangao kisha ukabonyeza Tab, kiunzi kizima cha ukurasa kinajiandika chenyewe. Kiunzi hicho huja na mstari unaotangaza kwamba lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Mwanafunzi huuacha mstari huo ulivyo, akaandika maudhui yote kwa Kiswahili, na kwa macho ukurasa hauna kasoro yoyote. Hapo ndipo ninapounganisha spika ndogo na kuwasha NVDA, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kisicholipiwa, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, nikakiacha kisome sentensi kama hii: «Mama na watoto wake wako pale Same.» Kwa kuwa ukurasa umejitangaza kuwa wa Kiingereza, sauti inausoma kwa kanuni za Kiingereza. «Wake» inatoka «weik», «pale» inatoka «peil», na Same, wilaya nzima ya mkoa wa Kilimanjaro, inageuka «seim». Darasa huangua kicheko, hasa kama kuna Mpare ndani. Kisha tunabadilisha herufi mbili tu, «en» kuwa «sw», na NVDA inahamia sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo ni ya kiroboti na haina madoido yoyote, lakini angalau inatamka maneno ambayo mtu wa Same angeyatambua.

Nalipenda zoezi hili kwa sababu halihitaji hotuba. Herufi mbili zimeandikwa, matokeo yamesikika, na tayari mwanafunzi ametimiza kigezo namba 3.1.1 cha Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, ule ambao kila mtu huuita kwa kifupi WCAG na ambao W3C, shirika la viwango vya wavuti, limekuwa likiutoa tangu toleo la kwanza la mwaka 1999. Huwa nawatajia namba ya kigezo baada ya zoezi, kamwe si kabla. Mwongozo wenyewe, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, umeandikwa kwa lugha inayofanana na ya sheria, na mwanafunzi anayeanzia huko hukariri nguzo zake nne, kwamba maudhui yatambulike, yatumike, yaeleweke na yawe imara, akazimwaga kwenye karatasi ya mtihani na kuzisahau kabla hajafika geti la chuo.

Maabara ya pili tunachomoa vipanya. Kila kikundi kinatakiwa kuufungua ukurasa kilioutengeneza na kumaliza kazi moja, kwa mfano kujaza fomu ya usajili na kuituma, kwa kutumia kibodi peke yake. Ndani ya dakika chache mikono huanza kupungwa. Tatizo la kwanza ni kwamba mtu hajui yuko wapi, kwa sababu wanafunzi wa usanifu walikwisha kuamua kwamba ule mstari wa bluu unaozunguka kitufe kilichochaguliwa unaharibu mwonekano, wakauondoa kwa amri moja ya CSS, lugha ya kupamba kurasa, waliyoikuta mtandaoni. Tatizo la pili ni zito zaidi: Tab inavuka kitufe cha «Tuma» kana kwamba hakipo. Tukifungua msimbo tunakuta si kitufe, bali ni «div», kisanduku kitupu cha HTML, kilichopakwa rangi, kikaviringwa pembe na kufungiwa msimbo wa JavaScript unaosubiri kubofywa. Kwa macho ni kitufe. Kwa kibodi na kwa kisoma skrini ni maandishi yaliyokaa tu.

Hapa wanafunzi wa kompyuta, ambao mara nyingi huuona ufikivu kuwa shughuli ya watu wa michoro, huinua masikio. Wakibadilisha «div» kuwa «button», kivinjari kinawapa bure mambo ambayo wangeyaandika wenyewe kwa mistari mingi: kitufe kinafikiwa kwa Tab, kinabonyezwa kwa Enter na kwa kitufe cha nafasi, na kinatangazwa kwa jina lake na aina yake. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa mshangao, «Kwa hiyo, Dokta, tulikuwa tunafanya kazi zaidi ili kupata kitu kibovu zaidi?» Nilimjibu ndiyo, na nikamwomba aseme tena kwa sauti ili wa nyuma wasikie.

Niseme kidogo kuhusu vifaa, maana wenzangu wa vyuo vingine huniuliza bajeti ilitoka wapi. Haikutoka popote. Kompyuta za maabara zetu zimefungwa, na mwanafunzi hawezi kusakinisha kitu bila fundi wa TEHAMA kuja na nywila. NVDA ina toleo la kubebeka linalokaa kwenye flashi na kufanya kazi bila kusakinishwa, kwa hiyo tunazungusha flashi. Hedifoni kila mtu huja na za simu yake. Kibodi nyingine zimekufa kitufe cha Insert, ambacho NVDA hukitegemea sana, lakini mipangilio inaruhusu kutumia Caps Lock badala yake. Umeme ukikatika, tunahamia kwenye simu, kwa sababu simu nyingi za Android zina kisoma skrini cha TalkBack ndani, na ukweli ni kwamba watumiaji wengi wa Kitanzania watazikuta tovuti hizi kwenye simu, si kwenye kompyuta.

Kuna zoezi moja nililolirithi na kuliondoa. Wanafunzi walikuwa wakifungwa vitambaa machoni kwa muda mfupi na kuambiwa watumie tovuti, kisha waandike ripoti ya walichojifunza. Nilizisoma ripoti zile. Karibu zote zilimalizia kwa kumshukuru Mungu kwa neema ya macho, na hakuna hata moja iliyotaja lebo ya fomu. Anayefungwa kitambaa anaonja fadhaa ya dakika kumi, fadhaa ya mtu asiye na ujuzi wowote wa kuishi bila kuona, kisha anaondoka akidhani kwamba hiyo ndiyo hali ya mwenzake aliyesoma, anayefanya kazi na kutumia kompyuta kwa kasi kuliko yeye. Huruma inayozaliwa hapo haitengenezi kitufe. Afadhali aje mwenyewe mwenye ujuzi, akae mbele, aitumie tovuti yao wakimtazama.

Kumpata mtu huyo kulihitaji kutoka nje ya idara. Katika darasa la kompyuta ni nadra kukuta mwanafunzi asiyeona, kwa sababu njia yake imekwisha kupindishwa mapema: wengi wa wanaopitia shule kama Buigiri kule Dodoma au Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam huelekezwa kwenye masomo ya sanaa tangu sekondari, na chuoni tunawakuta kwenye ualimu, sheria na sosholojia. Niliyempata ni mwalimu wa sekondari, mhitimu wa ualimu, anayetumia kisoma skrini kila siku kwa kuandaa masomo na kusahihisha kazi. Nilisisitiza alipwe kama mtaalamu mwalikwa yeyote, na uhasibu ukachukua muda kuelewa, kwa kuwa fungu walilolizoea kwa mgeni asiyeona lilikuwa la «msaada». Hilo nalo liliwafunza wanafunzi jambo, maana habari za chuoni hazifichiki, na walijua kwamba aliyekuja amekuja kikazi.

Siku hiyo aliketi, akachomoa hedifoni na kuunganisha spika ili darasa lisikie, akaifungua tovuti ya kikundi cha kwanza. Sauti ilikuwa inakwenda kwa kasi ambayo hakuna aliyeambulia neno. Akatabasamu, akaipunguza. Kabla ya kusoma chochote, alibonyeza herufi H ili aruke kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, kwa maana hivyo ndivyo anavyoukagua ukurasa, kama sisi tunavyoupitisha macho haraka. Sauti ikamwambia hakuna kichwa hata kimoja. Wanafunzi wakatazamana, kwa sababu mbele yao kulikuwa na vichwa vitano vikubwa vilivyokolezwa wino. Vilikuwa vimekolezwa kwa CSS tu. Hakuna aliyeuambia ukurasa kwamba ni vichwa.

Akaendelea hadi kwenye fomu. Kisoma skrini kikasema hapo ni sehemu ya kuandika, na ni tupu. Akabonyeza Tab. Sehemu ya kuandika, tupu. Akabonyeza tena. Sehemu ya kuandika, tupu. Akageuka kuelekea zilikotoka sauti za wenye kazi yao.

«Hapa mnataka jina langu au namba ya simu ya mama yangu?»

«Imeandikwa pale, Mwalimu,» mmoja akajibu.

«Pale wapi, mdogo wangu?»

Kimya. Maelezo yalikuwepo, pembeni ya kila kisanduku, ila hayakuwa yamefungwa na kisanduku chochote. Kipengele cha «label» chenye kuelekeza kwenye kisanduku chake kingetosha, na kila mwanafunzi aliyekuwa mle alikuwa amekisoma kwenye notisi. Kikundi kilisahihisha palepale, kikapakia ukurasa upya, na mwalimu yule akaijaza fomu yote bila kuuliza swali, akaituma, kisha akawaambia kwamba ameshajisajili na anasubiri huduma. Kipindi kile kimoja kilibadilisha kazi za darasa lile kuliko mihadhara yangu yote iliyokitangulia. Sababu naiona wazi: walimwona mtu hodari akikwamishwa na uzembe wao, kisha wakamwona akipita mara uzembe ulipoondolewa, na hapakuwa na nafasi ya kumwonea huruma.

Maelezo mbadala ya picha ni eneo ambalo nililidharau kidogo kwa kudhani ni jepesi, kumbe ndilo lenye mjadala mrefu kuliko yote. Mwanzoni nilichopokea kilikuwa ni neno «picha» likirudiwa, au jina la faili lililoachwa kama lilivyotoka WhatsApp, IMG na tarakimu zake zote, ambalo kisoma skrini hulisoma lote. Baadaye kikundi kimoja kilitengeneza duka la kanga. Kwenye kila picha waliandika rangi: kanga nyekundu, kanga ya bluu yenye maua. Ilikuwa na sura ya kazi iliyokamilika, mpaka mwanafunzi mmoja kutoka Unguja aliponyoosha mkono na kuuliza kama waliotengeneza duka hilo waliwahi kununua kanga. Mnunuzi, alisema, anataka kujua kanga inasema nini. Mtu hawezi kumpelekea mkwewe kanga ambayo hajasoma jina lake. Anaweza kuanzisha vita ukweni. Kwa hiyo maelezo yakaandikwa upya: pindo la rangi gani, mji, yaani sehemu ya katikati, una nini, na jina lililoandikwa, neno kwa neno, kwa mfano «Wema hauozi».

Tangu hapo swali langu kuhusu picha ni moja: aliyekuja kwenye ukurasa huu alikuwa anatafuta nini katika picha hii? Picha ileile ya Mlima Kilimanjaro kwenye tovuti ya chuo ni pambo, na inastahili maelezo matupu ili kisoma skrini kiiruke. Kwenye tovuti ya kampuni ya wapagazi inaonyesha njia ya Machame, na hapo isipoelezwa mteja amenyimwa habari. Hakuna programu inayoweza kufanya uamuzi huo kwa niaba ya mwanafunzi. Nawaambia wale wa usanifu kwamba hapa ndipo taaluma yao inapohitajika kuliko ya mwandika msimbo, kwa kuwa wao ndio wanaojua picha iliwekwa kwa sababu gani.

Wanafunzi wa usanifu, kwa haki yao, hawapendi kuambiwa kuhusu rangi. Mtindo wa miaka hii ni maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, na wanaona kiwango cha WCAG, uwiano wa mkolezo kati ya maandishi na mandhari yake wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa, kuwa pingu kwa ubunifu wao. Nimeacha kubishana nao kwa maneno. Nawapa kijivu chenye msimbo #777777 juu ya nyeupe, ambacho uwiano wake ni 4.48, na kile cha #767676, ambacho ni 4.54, nikawauliza nani anaweza kuvitofautisha. Hakuna. Basi kushinda na kushindwa mtihani huu kunatenganishwa na tofauti ambayo jicho la msanifu mwenyewe halioni. Kuzingatia kiwango hakumgharimu chochote cha uzuri. Halafu tunatoka nje ya jengo saa saba mchana na simu zetu, tukafungua kurasa zao juani. Kijivu chao cha #999999, chenye uwiano usiofika 3, kinapotea kabisa.

Katika darasa mojawapo alikuwamo mwanafunzi mwenye ualbino, na hapa nchini jambo hilo si geni. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali huwasumbua, kwa hiyo hukuza maandishi na wengine hupenda mandhari ya giza. Sikumwomba azungumze kwa niaba ya mtu yeyote. Sipendi desturi ya kumgeuza mwanafunzi kuwa kielelezo. Ila kazi ya kikundi chake ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki nzima tulipokuza ukurasa hadi asilimia 400, wakati kurasa za wengine zilimlazimisha msomaji kusukuma mstari mmoja kwenda kulia na kurudi kushoto. Nilitumia nafasi hiyo kueleza jambo ambalo huwafurahisha wote: skrini yenye upana wa pikseli 1280 ikikuzwa mara nne, kivinjari kinauona ukurasa kama una pikseli 320, ambao ni upana wa simu ndogo. Aliyeutengeneza ukurasa wake ukae vizuri kwenye simu ya bei nafuu, kwa sehemu kubwa ameshamtengenezea pia anayekuza maandishi.

Kwenye usahihishaji ndiko mambo yaliponitoa jasho. Nilipotangaza kwamba ufikivu una alama katika kila kazi, wanafunzi walifanya wanachokifanya wanafunzi popote, wakatafuta njia fupi. Njia fupi ilikuwa Lighthouse, kipimo kilichomo ndani ya Chrome, ambacho kinatoa alama hadi 100. Zikaanza kuletwa picha za skrini zenye 100 ya kijani, na kurasa ambazo hazitumiki. Mtengeneza tovuti wa Austria, Manuel Matuzović, alionyesha mwaka 2019 kwamba mtu anaweza kwa makusudi kutengeneza ukurasa usiofikika kabisa na bado ukapata alama zote za Lighthouse, na huwa nawasimulia habari hiyo mapema. Vipimo kama Lighthouse, axe na WAVE vina kazi yake: vinakamata rangi hafifu, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na lebo, lugha isiyotajwa. Hayo si madogo, kwa kuwa watu wa WebAIM, shirika la ufikivu wa wavuti, ambao tangu 2019 hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, huyakuta makosa hayohayo yakiongoza, na kila mwaka zaidi ya kurasa 9 katika 10 zinakutwa na kasoro. Lakini kipimo kinaona kwamba maelezo yapo, hakioni kwamba yameandikwa «picha».

Kwa hiyo sasa ripoti ya kipimo ni tiketi ya kuingilia tu. Asiye nayo kazi yake hairuhusiwi kukusanywa, na aliye nayo hapati alama yoyote kwa ajili yake. Alama zinatoka kwenye usaili wa dakika chache: mwanafunzi anakaa na mimi au msaidizi wangu, tunamtajia kazi moja ya kufanya kwenye ukurasa wake, anaifanya kwa kibodi na NVDA huku akieleza anachosikia. Inachosha, hasa darasa likiwa kubwa, na kuna mihula ambayo tumesaili kwa sampuli kutoka kila kikundi. Ila hakuna njia ya kudanganya hapo. Asiyewahi kuwasha kisoma skrini hujulikana ndani ya sekunde chache, kwa kuwa hajui kukinyamazisha. Wapo waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa sababu hiyo, na malalamiko yao yalifika kwa mkuu wa idara.

Kwenye kikao cha idara nikaulizwa swali ambalo kila anayefundisha jambo hili ameulizwa: watu wasioona wanaotumia tovuti ni wangapi, kiasi cha kumfelisha mtoto wa mtu? Nilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya sheria, na sikukaa nayo sana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika ibara yake ya 9 teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na majirani zetu Kenya walitoa mwaka 2022 kiwango chao cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952, ambacho mhitimu wetu anayeomba kazi Nairobi anaweza kukutana nacho kwenye zabuni ya kwanza. Ya pili ilikuwa swali langu kwao: chuo kinataka mwanafunzi ajisajili, aone matokeo, achukue namba ya malipo ya ada na aombe chumba, vyote mtandaoni. Yule mwanafunzi wa ualimu asiyeona, ambaye ni wetu na ada amelipa, anavifanya hivyo na nani? Tunajua sote. Anamkabidhi rafiki nywila yake. Mjumbe mmoja ambaye ni mwalimu wa usalama wa mifumo alicheka kwa uchungu, akasema yeye hutumia muhula mzima kuwakataza wanafunzi kufanya jambo hilo.

Baada ya kikao kile nilipata kazi ya darasani niliyokuwa naitafuta. Nchi hii inaendeshwa kwa barua. Tangazo la kazi, ratiba ya mtihani, orodha ya waliopata mikopo, vyote huandikwa kwenye kompyuta, vikachapwa, vikagongwa muhuri na kusainiwa, kisha vikapigwa picha au kuskaniwa na kuwekwa mtandaoni kama PDF. Kisoma skrini kikifika kwenye faili hiyo hakikuti hata neno moja la kusoma, kwa kuwa ni picha ya karatasi. Kinachoudhi ni kwamba maandishi yalikuwepo, yakaharibiwa makusudi kwa ajili ya muhuri. Kila kikundi sasa hupewa barua moja ya namna hiyo, na kutakiwa kuitoa upya kama ukurasa wa HTML wenye vichwa halisi na majedwali yenye safu zilizotajwa majina, huku nakala yenye muhuri ikiambatishwa kwa wanaoihitaji. Kazi hii wanaipenda kuliko nilivyotarajia, labda kwa sababu ukurasa unaotoka hapo hautumii bando kama ile PDF nzito, na kila mmoja wao amewahi kukodolea macho orodha ya majina iliyopigwa picha ikiwa imepinda.

Mtaala ulipopitiwa upya, mada ya wiki ya mwisho ilifutwa, na vigezo vya ufikivu vikaingizwa kwenye malengo ya somo zima pamoja na lile la programu za simu, ambalo mwalimu wake ameanza naye kuuliza TalkBack inasema nini. Wanaotoka field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, huleta habari mchanganyiko. Wengine wanaambiwa na wasimamizi wao kwamba hakuna muda wa mambo hayo. Wengine wanayafanya kimyakimya bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa kuandika «button» badala ya «div» hakuhitaji kikao.

Ambako bado tuko nyuma ni kwenye video. Mihadhara yangu iliyorekodiwa ni ya Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza cha kitaalamu, na manukuu yanayojitengeneza yenyewe huuvuruga mchanganyiko huo kiasi cha kupoteza maana. Hata yakiwa safi, hayatamtosha kila kiziwi, kwa sababu kwa wengi wao Lugha ya Alama ya Tanzania ndiyo ya kwanza na Kiswahili cha maandishi ni cha pili, na ukalimani si kitu ambacho darasa la kompyuta linaweza kujibunia. Tumeanza mazungumzo na watu wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kuhusu wakalimani na gharama zao. Kwa muhula ujao nimepanga kila kikundi kipewe kipande kifupi cha mhadhara mmoja, kiandike manukuu yake kwa mkono, pamoja na kutaja ni nani anayesema na kilichochorwa ubaoni, kisha mwanafunzi kiziwi wa kitivo cha elimu, naye akilipwa, ayasome na kuyarudisha yakiwa na masahihisho yake kabla sijayapandisha.